Kamba ya Faili la Mama

Kitu cha kwanza alichokiona binti kilikuwa kamba.

Wengine wakiingia masjala ya baraza la rufaa za kazi waliona kwanza dirisha la nondo, au karani na kikombe chake cha chai, au kibao cha USIEGEMEE UKUTA ambacho chini yake ukuta ulikuwa umeng'aa kwa migongo ya watu. Yeye aliona kamba. Nyuma ya karani kulikuwa na rafu za chuma hadi darini, na humo mafaili yalilala yamerundikana, kila moja limefungwa kamba nyembamba kama ya viatu. Mengi yalikuwa na kamba nyeupe. Machache yalikuwa na nyekundu.

Hakuna aliyemwambia maana yake, na yeye hakumuuliza mtu, maana kuuliza kulimshinda tangu utotoni. Alikaa tu kwenye benchi akaangalia, Jumatano hii na Jumatano ile, mpaka akaelewa. Faili likiwa na kamba nyeupe, mwenyewe bado yuko kwenye benchi. Likifungwa nyekundu, mwenyewe huja mara moja au mbili zaidi, anatoka na karatasi mkononi, anacheka au amejiinamia, kisha haonekani tena. Binti alikuwa ameacha shule darasa la sita, muhula wa pili, na herufi kwake zilikwenda polepole. Lakini kamba hazikuwa herufi.

Faili la mama yake lilikaa rafu ya tatu kutoka chini, pembeni. Lilikuwa na doa la chai lenye umbo la sikio. Kamba nyeupe.

Mama alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka kumi na tisa. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, na mashine mbili kubwa, moja nzima na moja ya kuwekea vikombe. Kila mwisho wa mwezi dada mkuu wa wodi alishuka kukagua mashuka. Alilikamata shuka kwa ncha mbili akaliinua dirishani. Mwanga ukipita kama kwenye chujio, alilitupa upande wa kushoto. Yale ya kushoto waligawana wafuaji, wakayakata matambara ya kudekia nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa tangu mama alipoanza kazi, na kabla yake. Haikuandikwa popote. Nani aandike habari za matambara?

Kisha dada mkuu akastaafu, akaja msimamizi mpya aliyependa vitu vilivyoandikwa. Mwezi wake wa kwanza mama alisimamishwa getini na mashuka manne yaliyotoboka ndani ya mfuko. Kamati ya nidhamu ilikaa dakika ishirini. Barua ilisema amefukuzwa kwa wizi wa mali ya hospitali.

"Kufukuzwa sawa," mama alisema siku ile, barua iko mapajani. "Mikono ninayo, nitafua za watu. Lakini hili neno? Miaka kumi na tisa nafua damu za wagonjwa, halafu niitwe mwizi wa matambara?"

Akakata rufaa. Hakutaka kingine: neno lile lifutwe. Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kuanua nguo zake kambani kila mama akipita, tena akicheka, eti utani.

Wakati huo binti alikuwa na miaka kumi na tatu. Sasa alikuwa na kumi na sita, na ile rufaa ilikuwa haijaisha.

Jinsi rufaa inavyokwenda alifundishwa na dereva. Huyo alikuwa dereva wa zamani wa malori, mwenye kofia ya sufu hata juani, aliyefukuzwa kazi baada ya breki kukataa mteremkoni. Alikuwa na miaka mitano kwenye benchi lile, na alikuwa na mahali pake, mwisho wa kulia, ambapo mtu mwingine akikaa alimwambia kwa upole, "Ndugu, hapo umekaa nyumbani kwangu."

"Sikiliza, binti Jumatano," alimwambia. Jina hilo alipewa na karani na lilikuwa limemganda. "Kupeleka rufaa ni siku thelathini. Ukichelewa moja, umekwenda na maji. Mama yako alipeleka siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja," binti alisema, karibu asisikike.

"Mwanamke wa kazi huyo! Sasa wewe una siku thelathini. Mwajiri naye anapewa siku za kujibu na kuleta kumbukumbu za kamati. Alileta baada ya muda gani?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Na hakuna aliyemwambia kitu. Haya. Kumbukumbu zikaja. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wawili. Wajumbe muda wao ukaisha, wapya hawajateuliwa. Mwenyekiti peke yake hawezi kukaa. Anakuja, anakunywa chai, anaahirisha. Hiyo miezi?"

"Tisa."

"Mtoto anazaliwa hapo! Anazaliwa kabisa, anaitwa Ahirisho." Dereva alicheka peke yake mpaka akakohoa. "Halafu mkasikilizwa saa moja. Halafu wakasema uamuzi mtapewa kwa taarifa. Sheria inasema siku tisini. Siku tisini za nani, mimi sijui. Mimi zangu zina ndevu."

Taarifa ingekuja kwa simu. Mama hakuwa na simu wakati wa kujaza fomu, akaandika namba ya mjomba, kaka yake. Mjomba alibadilisha laini mwaka wa pili, akasahau kusema, nao wakasahau kuuliza. Ndiyo maana Jumatano zilikuwa za lazima, ingawa hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo sababu. Mama mwenyewe hakuweza kuja: kila siku alifulia watu, na Jumatano zilikuwa nguo za nyumba yenye watu tisa, na mwenye nyumba alishasema siku moja ikikosekana ataita mwingine. Kwa hiyo alikuja binti. Alitembea saa nzima, akasimama dirishani, akasema shikamoo na namba ya faili. Zaidi ya hapo sauti haikutoka.

"Bado," karani alijibu. Hakugeuka kuangalia rafu. Aliangalia daftari la kurasa ndefu, au dirisha, au chai. "Mtapigiwa."

Jioni mama alikuwa anauliza kabla binti hajavua viatu. "Wamesemaje?"

"Bado."

"Basi wanalifikiria. Jambo likifikiriwa sana linatoka zuri."

Hivyo ndivyo mama alivyoishi miezi saba baada ya kusikilizwa. Kila *bado* aliikunja vizuri akaiweka kama nguo ya sikukuu.

Ikafika Jumatano moja ya mvua. Binti aliingia amelowa, akasubiri zamu yake, na kabla hajafungua mdomo akaangalia rafu ya tatu. Doa la chai lilikuwepo. Kamba ilikuwa nyekundu.

Aliangalia tena, akihesabu rafu kutoka chini. Moja, mbili, tatu. Nyekundu, mpya, ncha zake hazijachanika.

"Shikamoo," alisema, akataja namba.

"Marahaba. Bado, binti Jumatano. Mtapigiwa."

Maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. *Mbona kamba imebadilishwa?* Matatu tu. Nyuma yake mwanamume mmoja alikuwa anamsukuma kwa begi. Karani alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na muhuri, na alikuwa amesema bado. Binti ni nani wa kumwambia mtu kama huyo kwamba hakuangalia vizuri? Labda kamba nyeupe zilikuwa zimekwisha. Labda ameelewa vibaya miezi yote hii, na akiuliza watu wote wa kwenye benchi watageuka. Alimeza mate, maneno yakashuka nayo.

"Mbona uso umekupauka?" dereva alimuuliza alipopita.

"Mvua."

Nyumbani mama aliuliza, naye akasema, "Bado." Ndivyo alivyoambiwa. Hakuwa amedanganya, alijiambia hivyo akiwa anakamua sketi yake.

Jumatano ya pili kamba ilikuwa nyekundu. Karani: bado. Ya tatu, nyekundu, bado. Ya nne alijipiga moyo konde tangu alfajiri, akafanya mazoezi njiani kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa anafagia duka akamtazama kwa huruma. Alipofika dirishani karani alikuwa na hasira na mtu mwingine, anagonga meza, "Mimi si mwenyekiti! Mimi si mwenyekiti!" Binti alisema shikamoo na namba. Ya tano aliinua hata kidole. Kidole kilitoka, kikaelekea rafu, karani akadhani anaonyesha kalenda.

"Ndiyo, leo ni Jumatano," akasema, "wewe huwa hukosei," na watu wakacheka kwa wema kabisa.

Jumatano ya sita karani alikuwa likizo. Mahali pake alikaa msichana mwenye kucha ndefu, mgeni wa kazi, ambaye hakujua kwamba kuna majibu ya kutolewa bila kuinuka. Alisikia namba, akainuka, akalivuta faili la rafu ya tatu, akafungua kamba.

"Hii mbona ilishasomwa? Siku thelathini na sita leo. Hamkuja?"

Binti aliiangalia kamba nyekundu iliyolala mezani.

"Kuna namba ya simu hapa, haikupatikana. Saini hapa, chukua nakala."

Karatasi zilikuwa nne. Binti alizibeba kifuani hadi nyumbani bila kuzisoma, lakini neno la mwisho, lililopigwa chapa nzito, lilimwingia machoni bila yeye kutaka. Rufaa imetupwa.

Mama alikuwa anaanua nguo za watu tisa. Alizisikiliza zile karatasi akiwa amesimama, binti akisoma neno kwa neno, akikwama. Baraza lilisema hakuna ushahidi wowote kwamba wafuaji waliruhusiwa kuchukua mashuka. Hapo mama alimsimamisha.

"Rudia."

Akarudia.

"Na barua ya dada mkuu? Niliipeleka mwenyewe. Aliandika kwa mkono wake, mashuka yaliyochakaa aliyagawa yeye. Iko mle!"

Kesho yake walikwenda pamoja kwa mpiga chapa. Huyu alikuwa na meza chini ya ukingo wa paa, ng'ambo ya baraza, na mashine ya zamani ambayo herufi yake moja iliruka juu ya wenzake. Hakuwa wakili, lakini mawakili walimwomba ushauri wakiwa peke yao. Aliwaazimia faili kutoka masjala, akahesabu kurasa, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Ukurasa wa kumi na saba. Hii hapa barua, na muhuri wa kupokelewa. Hawakuifungua. Mama yangu, rufaa kama hii kule mahakama ya juu inapinduliwa asubuhi moja, kabla ya chai."

Mama aliinua uso. Binti hakuwahi kuuona uso ule tangu akiwa darasa la sita.

"Basi twende huko."

"Siku thelathini za kwenda huko zimepita, mama. Jana ilikuwa ya thelathini na sita." Mpiga chapa alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kilichobaki ni kuomba kuongezewa muda. Hilo nalo ni ombi lenyewe, lina foleni yake. Mwaka, pengine na nusu. Na wanataka ueleze kila siku uliyochelewa. Siku kwa siku. Siku moja ikikosa maelezo, wanalitupa lote. Nani alikuwa anafuatilia?"

"Huyu." Mama alimshika binti bega. "Hajakosa Jumatano hata moja."

Mpiga chapa akaweka karatasi. "Ale kiapo yeye, basi. Haya, binti. Jumatano ya kwanza baada ya uamuzi ulifika?"

"Nilifika."

"Ukaambiwa?"

"Bado."

Mashine ikalia. "Ya pili?"

"Bado."

Ya tatu, ya nne, ya tano. Herufi inayoruka iliruka kila mara kwenye lile neno moja. "Hii ya tano," mpiga chapa alisema akihesabu kwa vidole, "ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Mlikuwa na siku moja mkononi. Laana gani hii?" Akarudisha vidole mashineni. "Sasa watauliza hivi, lazima tujibu mapema. Katika Jumatano hizo, uliona dalili yoyote kwamba uamuzi umetoka? Tangazo, mtu kukwambia, chochote?"

Binti alifungua mdomo.

"Angejuaje?" mama alidakia. "Mtoto mwenyewe hakufika hata la saba. Nilimwachisha mimi, ada ya nini na mimi sina kazi? Asiyesoma anamsikiliza karani. Andika hivyo."

Mpiga chapa akaandika: *sikuona wala kujua dalili yoyote*. Wakaenda kwa afisa wa viapo, binti akainua mkono wa kulia, akarudia maneno, akasaini kwa herufi zake za darasani. Afisa alimsifu kwa mwandiko.

Kulipeleka ombi mama alitaka aende naye. Mwenye nyumba ya watu tisa aite mwingine, alisema, leo ninakwenda mwenyewe. Alivaa gauni la kanisani, akaingia masjala akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Dereva alisimama akampisha mahali pake, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

"Karibu nyumbani kwangu, mama. Binti yako ni mtu wa maana. Haongei, lakini anafika."

"Ndivyo alivyo," mama alisema, na shingo yake ikanyooka.

Tarishi wa masjala, mnene, mwenye funguo kiunoni zilizolia kuliko yeye, alitoa jalada jipya la kahawia, akaweka ombi ndani, akalifunga kamba nyeupe. Kisha akalishusha lile la zamani, lenye doa la sikio, ili aandike namba ya jipya juu yake. Mama alikuwa mfuaji. Macho yake yalikuwa yamezoea kutenga nyeupe na rangi.

"Kwa nini hili nyekundu na hili nyeupe?"

"Nyekundu limekwisha, mama," tarishi alisema, akilamba kidole kufungua ukurasa. "Uamuzi ukisomwa asubuhi, mimi mchana nabadilisha kamba. Siku hiyohiyo, sichelewi mimi. Kila mtu wa hapa anajua. Huyo dereva anajua. Kuku wanaopita hapa wanajua."

"Mimi nilikuwa naangalia langu tu," dereva alisema, na mara hii hakucheka.

Mama alichukua risiti ya kupokelewa, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani. Binti aliangalia sakafu. Palikuwa na alama za viatu vya watu wengi, zote zikielekea dirishani.

Walirudi kwa miguu. Saa nzima mama alipita watu bila salamu, naye alikuwa mtu wa kuongea na kila aliyekutana naye. Jirani wa utani alikuwa nje. Alipowaona akaanua kanga yake kambani, akacheka, na mama akapita kana kwamba hakuna mtu.

Walipofika bombani mama aliweka ndoo, akafungua maji, akasimama akiyaangalia yanavyojaa. Nguo za mwenye nyumba ya watu tisa zilikuwa bado kwenye beseni, za mwisho, maana kazi ile nayo ilikuwa imekwenda.

"Wewe hukujua maana ya zile kamba," mama alisema. Hakugeuka. Alisema taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite. "Si ndiyo? Ungejuaje wewe. Hakuna aliyekwambia."

Ndoo ilijaa, maji yakaanza kumwagika. Binti angeweza kutikisa kichwa tu. Kiapo kingebaki salama, ombi lingebaki kwenye foleni yake na kamba nyeupe, mama angegeuka na kumwambia ashike upande wa pili wa shuka wakamue. Alikuwa ameshatikisa kichwa maisha yake yote, na shingo ilikuwa inajua njia.

Alifunga bomba.

"Nilijua, mama," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka jirani akageuka. "Niliiona nyekundu tangu Jumatano ya kwanza. Zote tano niliiona. Niliona haya kumwambia karani aangalie nyuma yake."